Pilipili kwa Mkono wa Wifi

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake kabla hajaigeuza ndani nje na kulipitisha pindo lake kwenye kidole huku akisema kwamba pindo ndiyo adabu ya nguo. Mumewe, dereva wa lori aliyekaa njiani kuliko alivyokaa nyumbani, naye wakamwita Baba Pindo, akalipokea jina bila ubishi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, pembe yenye pazia ya kujaribia nguo, na benchi la wateja ambalo fundi viatu wa mlango wa pili alilikalia kuliko mteja yeyote. Huyo fundi viatu walimwita Bwana Soli.

Maumivu yalimwanza msimu wa sare za shule, meza imejaa kaptura na sketi mpaka pa kuweka mkasi hapaonekani. Alihisi kitu kinamchoma ubavuni, upande wa kushoto, chini kidogo ya titi. Akadhani ni pini. Akaingia nyuma ya pazia, akavua blauzi, akaikung'uta, akaipapasa mshono kwa mshono. Hapakuwa na pini. Siku zilizofuata malengelenge yakatoka, yakajipanga kutoka uti wa mgongo mpaka mbele, kama mtu aliyechora mstari kwa chaki.

"Huo ni mkanda wa jeshi," Bwana Soli alisema alipoelezwa. "Omba tu kichwa chake kisikutane na mkia, vikikutana mtu haponi."

"Maisha yangu yote nawapima watu viuno," Mama Pindo akajibu, "leo nami nimevishwa mkanda bila kupimwa."

Zahanati walimwambia habari za kichwa na mkia ni hadithi. Ni kirusi cha tetekuwanga aliyougua utotoni, kilikuwa kimelala kwenye mshipa wa fahamu miaka yote hiyo, sasa kimeamka. Wakampa vidonge. Malengelenge yakakauka, magamba yakadondoka, yakabaki madoa meusi. Majirani waliokuja kumpa pole wakageuza, wakampa hongera.

Lakini moto haukuzimika. Ngozi imepona, ndani kunawaka. Na ulikuwa moto wa ajabu, kwa sababu akijibonyeza kwa kiganja kwa nguvu alivumilia, ila pamba nyepesi ikipita juu ya ngozi tu, aliona nyota mchana. Shuka ilimuuma. Blauzi ilimuuma. Upepo wa feni ulimuuma. Kuna watu wanaoweza kukaa mbali na kitambaa wakaishi, lakini yeye kitambaa ndicho kilichomlisha, na kila siku alikikumbatia kwa marobota.

Fundi hakosi akili. Alichukua waya za kifuniko cha taa kilichovunjika, akazikunja duara, akazishonea ndani ya gauni pana, upande wa kushoto, ili nguo isimame mbali na mwili. Akawa anatembea dukani kama mtu aliyeficha kikapu kwapani. Siku moja mteja mmoja, mwanamke apendaye mitindo kuliko chakula, alimzunguka mara mbili, akainamisha kichwa.

"Fundi, mtindo huu unaitwaje?"

"Unaitwa usiniguse," Mama Pindo alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

"Nishonee na mimi. Ila wangu uwe pande zote mbili."

Bwana Soli alicheka mpaka misumari aliyoibana midomoni ikamtoka. Mama Pindo naye akacheka, na kicheko kikaivuta ngozi, akalazimika kuingia nyuma ya pazia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na mteja akajifanya anatazama vifungo.

Mumewe alipopiga simu kutoka njiani hakuzungusha maneno. "Si umwendee dada? Kazi yake si hiyohiyo ya mishipa?"

"Nitafikiria."

"Unafikiria nini, na wewe unaungua?"

Alichokuwa anafikiria ni gauni. Huyo dada wa mumewe, wifi yake, alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo kilichokuwa nyuma ya soko. Kwa kuwa kila akisafiri alirudi na mifuko ya majani na mizizi badala ya zawadi, jamaa walimwita Dokta Majani. Miaka mingi nyuma, alipokuwa anahitimu, Mama Pindo alimshonea gauni la mahafali, akalitilia bitana ya hariri na vifungo vilivyofunikwa kwa kitambaa kimoja kimoja. Gauni likarudishwa kwa mkono wa mtu, ndani ya mfuko wa plastiki, na salamu kwamba limebana. Siku ya mahafali wifi akavaa la dukani. Mpishi aliyerudishiwa sahani haijaguswa ataelewa. Tangu hapo walikutana misibani na harusini tu, wakapeana mikono kwa ncha za vidole.

Hata hivyo mfa maji haishi kutapatapa. Mama Pindo alifunga duka adhuhuri, akajitanda shuka laini juu ya gauni lake la waya, akaenda chuoni.

Maabara ilinuka kama chai iliyochemshwa ikasahaulika. Kulikuwa na mitungi ya majani makavu yenye vibandiko, mashine ndogo iliyozunguka kwa mvumo, na chupa za kahawia zilizopangwa ndani ya jokofu lenye mlango wa kioo. Wifi yake alikuwa amevaa koti jeupe lenye doa la kijani mfukoni. Alipomwona alisimama haraka, stuli ikaanguka.

"Wifi. Karibu. Kuna msiba?"

"Msiba ni mimi mwenyewe."

Akamweleza. Dokta Majani alisikiliza bila kumkatiza, kisha akachukua karatasi, akachora mstari. "Huu ndio mshipa wako wa fahamu," akasema. "Kirusi kimeuumiza. Mshipa ukiumia unamwaga kemikali inayoita uvimbe. Uvimbe ukija, unauchokoza mshipa. Mshipa unamwaga tena. Ngozi juu imepona, lakini chini huko hao wawili hawajaacha kugombana."

"Na majani yako?"

"Tunatafuta kitu ndani ya majani kitakachouzuia uvimbe usiitike kila unapoitwa. Uvimbe ukitulia, tunadhani mshipa nao utatulia."

"Mmekipata?"

Wifi yake alitazama lile jokofu, na Mama Pindo akayafuata macho yake. "Kuna kimoja kina matumaini," akasema taratibu. "Panya wenye mishipa iliyoumia wanapata nafuu."

"Basi nipe."

"Siwezi."

"Kidogo tu. Cha kupaka."

"Wifi, hakijaingia mwilini mwa mtu hata mmoja. Sijui kitafanya nini kwenye ini, kwenye moyo, kwenye damu. Twende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, nitakusindikiza leo hii. Zipo dawa zilizokwisha kujaribiwa."

Mama Pindo alisimama, waya zikalia ndani ya gauni. "Panya mnawapa," alisema, "mimi wifi yako unaninyima. Sawa. Ahsante kwa mchoro."

Alitoka bila kugeuka. Alisikia wifi yake anamwita kwenye ukumbi, akazidisha mwendo, na kwa mwendo ule waya zilipinda, gauni likamsugua ubavu kama msasa.

Keshoye alimsimulia Bwana Soli yote, na Bwana Soli, ambaye hakupenda kuona jirani akiteseka, aliondoka bila kuaga akarudi na kichupa. Alikuwa amekinunua kwa mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti karibu na soko. Kibandiko kilikuwa na picha ya mtu anayeruka, na maneno yaliyosema dawa imetokana na majani mia moja na inatibu mishipa, mgongo, baridi na mikosi.

"Majani yale ya chuo yamo na humu," Bwana Soli alisema. "Kati ya mia hayatakosekana."

Mama Pindo aliingia nyuma ya pazia, akajipaka. Mwanzo alihisi ubaridi. Kisha ukaja mwako uliomfanya autamani hata ule wa zamani. Alijaribu kutoka, miguu ikamgomea, akaketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa na kushika mguu wa cherehani. Bwana Soli aliuona uso wake chini ya pazia, akaichukua simu iliyokuwa mezani, akampigia Baba Pindo, na Baba Pindo kutoka alikokuwa akampigia dada yake.

Dokta Majani alifika mbio, koti la maabara mwilini, kiatu kimoja hakijafungwa. Hakuuliza kwa nini. Alikinusa kichupa, akakunja uso, akasema humo mna petroli au kitu cha ukoo wake, kisha akaomba maji na sabuni. Akapiga magoti sakafuni na kummwagia Mama Pindo maji ubavuni, kikombe baada ya kikombe, mpaka ile harufu ikapungua na vipande vya sare vilivyotapakaa pale vikalowa vyote.

"Niacheni niseme pole kwa wote," Bwana Soli alinong'ona kutoka mlangoni.

"Tuitie teksi kwanza," Dokta Majani akasema, "pole utasema tukirudi."

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mtu mzima asiye na haraka, ambaye alimgusa Mama Pindo kwa pamba, kisha kwa ncha ya kalamu, kisha kwa chuma baridi, na kila mara akamuuliza inakuwaje. Mama Pindo hakuwahi kuulizwa hivyo. Wengine wote walimwambia tu kwamba amekwisha kupona. Daktari alipomaliza alisema maumivu haya yapo, yana jina, na yanawapata wengi baada ya mkanda wa jeshi, hasa waliovuka umri wa ujana. Mama Pindo akahisi kifua kinafunguka, ingawa dawa bado hajapewa. Kuaminiwa peke yake kulikuwa nusu ya tiba.

Akapewa vidonge vya kumeza jioni, na onyo asikanyage cherehani akisikia usingizi. Ngozi iliyochomwa na kile kichupa ikishapona kabisa, angeanza kupakwa malhamu iliyotengenezwa kwa kiini cha pilipili.

"Pilipili," Mama Pindo alirudia, akidhani hakusikia. "Juu ya moto huu?"

"Dawa ya moto ni moto," daktari alisema. "Mwanzoni itakuwasha, na hapo ndipo wengi wanaiacha. Wanaoivumilia, wengi hupata nafuu. Ipakwe asubuhi, mchana na jioni, bila kuruka. Anayekupaka avae glavu, na asiguse macho. Nyumbani una nani?"

Mama Pindo alifikiria. Watoto walikuwa wamekwisha kuanza maisha yao miji mingine. Mume alikuwa na usukani. Mwenyewe asingefika mgongoni, na mikono yenye pilipili ingegusa kola za watoto wa shule.

"Ana mimi," wifi yake alisema.

Mama Pindo alimtazama. Alitaka kusema si lazima, kwamba atapata mtu, kwamba ana kazi zake. Lakini daktari alikuwa ameshaandika.

Basi ngozi ilipotulia, Dokta Majani akaanza kuja. Asubuhi alipita kabla ya kwenda chuoni, mchana alivuka soko huku anakula ndizi njiani, jioni alikuja na uchovu wake. Walikuwa wakiingia nyuma ya pazia, Mama Pindo anageuka ukutani na kushika msumari wa kutundikia nguo, na wifi anavaa glavu. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Pilipili iliingia kama habari ya aibu, kwanza polepole, kisha kila mahali. Mama Pindo alimwambia wifi yake mambo ambayo hayaandikiki, na wifi yake alijibu, "Endelea, nasikia," akaendelea kupaka.

"Hii pilipili inafanya nini hasa?" Mama Pindo aliuliza mara moja, meno yamekazwa.

"Inaulazimisha mshipa umwage akiba yake yote ya ile kemikali inayoita uvimbe. Unamwaga, unamwaga, mwisho ghala linabaki tupu. Hauna tena cha kuitia."

"Kwa hiyo tunauchosha."

"Tunauchosha kabla haujatuchosha sisi."

Ukimgeuzia mtu mgongo kila siku, mazungumzo huja yenyewe. Mchana mmoja Mama Pindo, akitazama ukuta, alisema, "Wifi, lile gauni lilikubana wapi?"

Mkono wenye glavu ulisita. "Kila mahali."

"Vipimo ulinipa mwenyewe, kwa simu."

"Nilikupa vya mwaka uliotangulia. Niliona haya kusema nimenenepa, tena nikuambie wewe uliyekuwa mwembamba kama uzi."

Mama Pindo aligeuka, malhamu haijakamilika. "Miaka yote hiyo nilijua umeudharau mkono wangu."

"Na mimi nilijua umeshagundua, unanicheka na wateja."

Walitazamana. Kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mteja aliyeketi kwenye benchi akauliza kama nyuma ya pazia kuna sherehe. Mama Pindo alipotulia alishangaa jambo moja: amecheka kwa nguvu zote, na ubavu haukumkata kama zamani. Ulimuuma, lakini uliuma kama mtu anayekumbushia deni, si kama anayevunja mlango.

Kila mara kabla ya kufungua malhamu Dokta Majani aliuliza, "Leo yakoje?" na Mama Pindo alijibu kwa lugha aliyonayo. Leo ni sindano butu kwenye jinzi. Leo ni uzi wa nailoni unavutwa chini ya ngozi, anayeuvuta hana haraka. Leo ni pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mara moja aliposema hivyo, wifi yake aliiweka malhamu chini.

"Wagonjwa wangu ni panya," akasema. "Miaka yote nafanya kazi na maumivu, sijawahi kuyasikia yakisema."

"Sasa panya unajuaje kama anaumwa?"

"Namgusa unyayo kwa uzi mwembamba sana, kama unywele. Kisha mnene kidogo. Kisha mnene zaidi. Panya mzima ule mwembamba hata haushughulikii. Mwenye mshipa ulioumia anauvuta mguu."

Mama Pindo alifikiria ule mguu mdogo. "Kama mimi na pamba."

"Kama wewe na pamba."

"Basi ukifika kazini wape pole," alisema, na hakuwa anatania. "Waambie kuna mwenzao huku."

Ikaja siku Dokta Majani alifika mchana macho mekundu, machozi yanamtiririka, anapapasa fremu ya mlango. Mama Pindo aliuacha mshono katikati. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni pilipili." Akaketi kwenye benchi, akajaribu kujifuta kwa kiwiko. Asubuhi ile glavu zilikuwa zimekwisha na duka la dawa halijafunguliwa. Hakutaka kuruka zamu. Akapaka kwa mkono mtupu nyuma ya mgongo wa Mama Pindo, bila kusema neno, akanawa kwa sabuni, akaenda zake, na njiani kurudi nzi akamgonga jicho, akayafikicha macho.

Mama Pindo alimshika mikono, akaigeuza. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu na za moto. Akakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa amesifu jinsi mkono wa wifi ulivyo laini leo.

"Mtaalamu mzima," alisema. "Hujui kwamba pilipili haitoki kwa sabuni tupu?"

"Najua. Nilikuwa na haraka."

Bwana Soli alichungulia. "Wahenga walisema, pilipili usiyoila yakuwashiani."

"Bwana Soli," Mama Pindo akasema, "walete wahenga wako pamoja na chupa ya mafuta ya kupikia."

Mafuta yakaletwa, na maji safi ya kuoshea macho. Akamwosha uso kwanza, akamwinamisha kama mtoto. Kisha akamsugua vidole kwa mafuta, kimoja kimoja, akamwosha kwa sabuni, akarudia. Mama Pindo alizoea kusema ahsante mara nyingi kila siku ya maisha yake, ahsante ya dukani, inayokwenda pamoja na mfuko na chenji. Hii iliyomjaa kifuani siku ile haikuwa ya namna hiyo, na hakujua inatoka kwa mlango gani. Akaishia kusema, "Kesho nitanunua glavu mwenyewe. Boksi zima."

Nafuu haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama mgeni mwenye haya, ikafika mlangoni, ikarudi, ikafika tena. Kwanza feni ikaacha kumuuma. Kisha akaweza kulalia ubavu ule akijaribu kwa uangalifu. Na asubuhi moja mwalimu mkuu wa shule jirani alikuja kuchukua sare zilizobaki. Mama Pindo alibeba robota zima kwa mkono wa kushoto, akalikumbatia ubavuni, akavuka chumba, akampakilia mwalimu kwenye gari, akasimama barabarani kumpungia. Akarudi mpaka katikati ya duka ndipo akasimama ghafla, mkono ubavuni.

"Bwana Soli," aliita. "Umeona nilichobeba?"

"Sare."

"Kwa mkono gani?"

Bwana Soli aliweka kiatu chini. Alifikiria kwa makini, kisha akatoa misumari yote midomoni, akaiweka kwenye kopo, ili aweze kusema vizuri. "Tumshukuru Mungu," akasema. "Na yule mama wa majani."

Siku hiyo hiyo Mama Pindo alizichomoa waya kwenye gauni na kuzitupa. Mumewe alipopiga simu hakuweza kumsimulia kwa mpangilio. Alilia, akacheka, akamwambia awahi kurudi, akamwambia asiwahi sana kwa sababu barabara zina utelezi. Dereva alimsikiliza, kisha akasema alikuwa ameegesha lori pembeni tangu mwanzo wa simu kwa sababu haoni vizuri.

Maumivu hayakuondoka yote. Daktari alimwambia huenda yakabaki kidogo, na kweli siku za baridi yalimnong'oneza. Lakini alivaa blauzi. Alilala. Malhamu ilipunguzwa, ikafika wakati wa kuachwa kabisa, na Mama Pindo akaanza kuyaandaa maneno ya kumshukuru wifi yake. Aliyafanyia mazoezi mbele ya Bwana Soli, aliyeketi kwenye benchi akiigiza Dokta Majani na kupangusa machozi ya uongo. Hotuba ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na dua, na ilitaja hata panya.

Jioni aliyoikusudia, wifi yake aliingia dukani akiwa amebeba koti la maabara mkononi, akaketi bila salamu.

"Ile dawa yetu," alisema. "Uliyoiomba. Tumeiacha."

"Mmeiacha vipi?"

"Maumivu ilikuwa inatuliza. Lakini tulipowapa panya kwa muda mrefu, maini yao yakaharibika. Leo tumethibitisha. Jani lile ndilo nililolianza kabla hata ya mahafali." Alikunja koti, akalikunjua. "Siku ile ulipotoka maabara umekasirika, nilifungua jokofu, wifi. Nilichukua chupa. Nilifika nayo mpaka ngazini."

Mama Pindo alikaa karibu naye kwenye benchi. Hotuba yote ilimtoka kichwani, utangulizi na dua. Akilini alimwona ameshika chupa ya kahawia pale ngazini, anamsikia mgonjwa wake anaondoka, na anageuka kurudi ndani.

"Ahsante kwa kurudi," alisema. "Nilikuwa nimekulaani njia nzima, na wewe ulikuwa unaniokoa. Na ahsante kwa maji ya sakafuni. Na kwa asubuhi zote, na mchana, na jioni. Na kwa vidole vyako. Sina namna ya kukurudishia, wala sitajaribu, kwa sababu nikijaribu nitakuwa nimeipunguza ahsante yenyewe. Nataka tu ujue kwamba nikivaa nguo asubuhi nakutaja."

Dokta Majani aliinamisha kichwa, na safari hii haikuwa pilipili. Mama Pindo alimzungushia mkono, akamvuta kwake, upande wa kushoto, wifi akamlalia pale pale ubavuni na wala Mama Pindo hakumsogeza.

"Kuna majani mengine?" aliuliza baada ya kitambo.

"Yapo. Mengi. Lipo moja tulilikausha mwaka jana, hatujalichunguza vizuri."

"Unalianza lini?"

"Jumatatu."

"Basi Jumatatu bado."

Akainuka kubandika maji ya chai kwenye jiko dogo la umeme nyuma ya meza ya kukatia. Mlangoni akatokea mteja na kitambaa mkononi, akitaka kupimwa upesi kwa ajili ya sherehe ya kesho kutwa. Mama Pindo alimwomba radhi, akamwambia arudi asubuhi, leo ana mgeni, kisha akashusha pazia la mlango nusu na kutafuta vikombe viwili vinavyofanana.